Ukerewe, Rubondo au Saanane: hesabu ya familia inayotaka kutembea na mabegi mgongoni

Likizo ya Juni inapokaribia, mjadala ni uleule katika nyumba nyingi za Mwanza zenye uwezo wa kutenga laki mbili tatu kwa ajili ya watoto. Baba anataka Serengeti, mama anauliza nani atalipia gari, na mwisho wake wote wanaishia ufukweni, chipsi na kuku, jioni nyumbani. Lipo jambo jingine ambalo wachache hulipigia hesabu: kufunga mabegi mgongoni, kuvuka maji, na kutembea siku mbili tatu kwenye vilima vyenye miti vya kando ya Ziwa Victoria, mkilala pale jioni itakapowakuta. Wageni huruka kutoka Ulaya kuja kufanya hivyo Afrika Mashariki. Sisi tunakaa hapohapo na hatujui ni shilingi ngapi.

Nimechukua familia ya mfano: baba, mama, na watoto watatu wa miaka 14, 10 na 6. Hawana gari. Hawana hema. Wanaanzia katikati ya jiji na wanataka kulala nje ya nyumbani usiku mbili. Ada za hifadhi na nauli za mabasi nimezipiga kwa viwango vilivyotangazwa. Gharama za chakula, gesti na bodaboda ni makisio yangu, na nimeyavuta upande wa juu kwa makusudi, kwa sababu bajeti ya safari ya watoto ikikosea, ikosee kwa kubakiza.

Serengeti tuitoe mapema. Geti la Ndabaka liko kando ya barabara ya Musoma, wala si mbali sana na jiji, na kiingilio kwa raia wa Afrika Mashariki si kikubwa. Lakini kule huendi na begi mgongoni ukaingia. Unahitaji gari, na gari la kukodi kwa siku moja tu linaweza kumeza bajeti yote ya familia hii. Ni safari nzuri, ila ni bidhaa nyingine kabisa.

Zinabaki njia tatu za kweli, na kila moja ni kisiwa.

Saanane ndiyo rahisi kufika. Boti ya hifadhi inatokea upande wa Capri Point na safari ni ya dakika chache tu. Kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale. Mwaka 1964 serikali ilianzisha hapo bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Eneo lote, maji yakiwemo, ni kilomita za mraba 2.18. Kuna swala, tumbili, pimbi na mijusi ya rangi mbili inayoota jua juu ya majabali, na mwamba wa kupanda ambao ukiwa juu yake unaliona jiji lote.

Kiingilio cha mtu mzima raia wa Afrika Mashariki ni shilingi 5,000 na cha mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni 2,000, kisha inaongezwa VAT ya asilimia 18. Kwa familia yetu hiyo ni 5,900 mara mbili na 2,360 mara tatu: jumla 18,880. Juu yake kuna nauli ya boti. Malipo hupitia namba ya kumbukumbu au kadi, kwa hiyo usifike na noti mkononi ukadhani utapokewa. Aliye chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu.

Kwa pesa hiyo unapata nusu siku ya kutembea, labda siku nzima kama mtoto wa miaka sita ndiye anayeongoza msafara. Huwezi kuiita safari ya mabegi. Ila ninaishauri kwa sababu moja: ni mahali pa bei ndogo pa kufanyia majaribio. Mvalishe kila mtu viatu atakavyosafiri navyo, mpe begi lake likiwa na mzigo wake kamili, mpande na kushuka ule mwamba. Kama kuna kiatu kitakachochubua kisigino au mkanda utakaokatika, heri ukatike mita mia chache kutoka bandarini kuliko jioni ya pili ya safari yenyewe.

Rubondo ndiyo ambayo kila mtu huitamani akishaisikia. Ilitangazwa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kisiwa kikuu kina urefu wa takribani kilomita 28, sehemu yake kubwa ni msitu, na hakina kijiji hata kimoja. Wavuvi waliokuwa wakiishi huko walihamishwa. Kati ya 1966 na 1969 mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, Bernhard Grzimek, na shirika lake la Frankfurt walileta sokwe 17 waliotoka Ulaya, wengi wao wakiwa wamewahi kufungiwa kwenye bustani za wanyama, wakaachiwa huru. Walizaana, na wajukuu zao leo hawamtambui binadamu kama mtu wa kuwapa ndizi. Tembo na twiga nao waliletwa. Nzohe, yule swala wa kwenye matete, na viboko walikuwa wenyeji tangu hapo.

Zamani kikwazo cha Rubondo kwa mtu wa Mwanza kilikuwa njia. Ulifika Kigongo, ukapanga foleni ya kivuko kwenda Busisi, na foleni hiyo ingeweza kula asubuhi yako yote. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita tatu lilipozinduliwa, basi linapita juu ya maji kwa dakika chache. Unapanda Nyegezi, unapita Sengerema na Geita, unaelekea Chato hadi Muganza, kisha Kasenda, ambako boti ya kwenda kisiwani huchukua karibu nusu saa. Wengine hupitia Nkome, mkoani Geita, lakini huko safari ya majini ni ndefu zaidi, na kwa familia yenye mtoto anayetapika kwenye mawimbi hilo peke yake linatosha kuchagua Kasenda.

Sasa pesa. LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, daraja la kawaida liliwekwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria. Maana yake kilomita mia moja ni shilingi 4,847, na familia ya watu watano ikilipia viti vyote ni 24,235. Kutoka Mwanza hadi Muganza ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo kwenda na kurudi andaa laki moja na ushee kwa basi, na zaidi ya hapo mkipanda daraja la kati, ambalo liliwekwa shilingi 67.84 kwa kilomita. Kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24, na kwa viwango vilevile vya Saanane, saa 48 ni 37,760 kwa familia nzima. Mpaka hapo hakuna la kutisha. Watu wengi huishia kwenye hesabu hii, wakafurahi, wakafunga mabegi.

Kinachotisha ni boti. Boti hukodiwa kwa chombo, si kwa kichwa. Iwe mmejaa au mko wawili, bei ni ileile, na mnailipia kwenda na kurudi. Tuchukue laki tatu kama mfano wa kupigia hesabu. Kwa familia moja, laki tatu hizo ni kubwa kuliko nauli za basi, viingilio na chakula kwa pamoja. Kwa familia tatu zilizopanga pamoja, ni laki moja kila moja, na Rubondo inageuka ghafla kutoka ndoto na kuwa mpango. Ndiyo maana nasema hesabu ya Rubondo haianzii kwenye tovuti ya hifadhi. Inaanzia kwa majirani, kwenye kundi la wazazi wa shule, kwenye jumuiya au kikoba. Piga simu ofisi ya hifadhi uulize bei ya boti na idadi ya abiria inaoruhusiwa kubeba, kisha gawanya, kisha ndipo uwaambie watoto.

Kuna mambo mengine mawili ya Rubondo ambayo hayaonekani kwenye bei. Kwanza, hutembei peke yako. Kuna wanyama wakubwa, kwa hiyo kila matembezi ni pamoja na askari mwenye silaha, na kutembea kwa miguu kuna ada yake juu ya kiingilio. Wazo la kuzunguka kisiwa kizima na mabegi, mkipiga kambi popote, liache hukuhuku. Utalala Kageye, makao makuu ya hifadhi, kwenye banda au kwenye hema, na kutoka hapo kwa matembezi ya saa kadhaa. Na watoto wadogo hawachukuliwi kwenye msafara wa kuwafuata sokwe, kwa hiyo kama ni sokwe ndio waliokushawishi, walio wadogo watabaki kambini na mmoja wenu. Pili, kisiwani hakuna soko wala mama lishe. Kila unga, kila kitunguu, kila mshumaa unatoka nao bara. Chukua mifuko ya kitambaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na getini hawataki kuiona. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani pia, kwa kuwa mbung'o huzipenda mno rangi hizo, na mbung'o wa Rubondo akikuuma utamkumbuka.

Ukerewe ni habari nyingine kabisa. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, kina watu, kina mashamba ya muhogo, mpunga na michungwa, kina bodaboda na mama lishe kila penye njia panda. Mtu akikuambia hiyo si safari ya porini, mkubalie. Ni kweli. Lakini kwa familia inayoanza, watu ndio bima. Mtoto akipata homa, kuna zahanati. Mvua ikiwakuta, kuna baraza la mtu. Mkichoka, bodaboda itawabeba kwa pesa ndogo na hakuna atakayewacheka, ila labda yule wa miaka 14.

Meli za kwenda Nansio hutokea Mwanza na safari ni ya takribani saa tatu; MV Butiama, iliyokarabatiwa na kurejeshwa kazini mwaka 2020, ni miongoni mwa zilizotumika njia hiyo. Ipo pia njia ya kuzunguka kwa basi hadi Bunda, kisha Kisorya, na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Njia hiyo ya pili ni ndefu na inachosha, na ukishajumlisha nauli za basi haiokoi kitu cha maana kwa anayetoka jijini. Inamfaa anayeishi Bunda au Musoma. Kwa meli, tenga shilingi elfu 10 kwa mtu mzima na elfu 5 kwa mtoto kila upande: kwa familia yetu ni elfu 35 kwenda, elfu 70 kwenda na kurudi. Chukueni chombo cha asubuhi, kwa sababu upepo wa ziwani huamka mchana.

Kutoka Nansio mnaelekea magharibi. Mnapita Bukindo, ilipo ikulu ya zamani ya watemi wa Wakerewe. Mnapita Kagunguli, alikoishi Aniceti Kitereza, mwandishi aliyekamilisha riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945 na kusubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo ikachapishwa kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1981. Kijana wa sekondari aliyebeba begi anastahili kujua kwamba barabara anayoitembea ilishaandikwa. Na mwisho wa njia, upande wa magharibi, kuna Rubya: shamba la miti la serikali lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, misonobari ikiwa imepanda vilima hadi karibu na maji, na ufukwe wa mchanga chini yake. Kama kuna mahali karibu na Mwanza ambapo mtu anaweza kutembea kivulini, akanusa utomvu wa misonobari na kusikia mawimbi kwa wakati mmoja, ni pale.

Kabla ya kuingia na kupiga kambi, piteni ofisi ya shamba mpate kibali. Msilione hilo kuwa usumbufu. Misonobari ina utomvu, majani yake makavu hulala chini kama zulia, na Juni ni kiangazi. Moto wa jikoni uliosahaulika dakika tano unaweza kuondoka na hekta ambazo zimechukua miaka kukua. Kama ofisi itawaambia msiwashe moto msituni, pikeni ufukweni watakapowaelekeza au muagize chakula kijijini.

Hapa lazima nigeukie suala la vyombo vya majini, kwa sababu ndipo watu wa kanda hii tunapobana pesa mahali pasipofaa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, kisiwa jirani cha Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Kabla ya hapo, Mei 1996, tulikuwa tumewazika waliokufa kwenye meli ya MV Bukoba. Mtu akikupa nafasi kwenye mtumbwi wa mizigo kwa nusu ya bei ya meli, anakuuzia kitu ambacho hana uwezo wa kukirudisha kikipotea. Kwa boti ya kukodi, angalia majaketi okozi kabla ya kulipa, na angalia kama yapo ya ukubwa wa mtoto, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto wa miaka sita kupitia kichwani. Kama hayapo, subiri chombo kingine. Ukitaka kwenda Ukara kuliona lile jiwe linalocheza, fanya vivyo hivyo.

Njia nyingine nitazitaja kwa haraka. Bukoba ina majabali na vilima vizuri vya kutembea juu ya ziwa, na MV Victoria hufika huko kwa safari ya usiku. Lakini kwa familia ya watu watano, tiketi za madaraja yenye vitanda pekee zinakaribia bajeti nzima ya Ukerewe. Buhindi, shamba jingine la TFS upande wa Buchosa, linafikika kwa kuvuka Kamanga na kuendelea kupitia Sengerema, na linamfaa mwenye ndugu huko wa kumpokea. Na kama mfuko umekauka kabisa, nendeni Bujora, Kisesa, kwa daladala: makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement, na vilima vya mawe vya kutembelea pembeni yake.

Tuje kwenye vifaa, ambako pesa nyingi hupotea kabla hata safari haijaanza. Mlango Mmoja, soko la mitumba, lina mabegi ya mgongoni yaliyotoka Ulaya na Asia, mengine imara kuliko mapya yanayoning'inia madukani. Usinunue kwa rangi. Vuta mishono ya mikanda ya begani kwa nguvu, fungua na kufunga kila zipu mara kadhaa, na hakikisha begi la mtu mzima lina mkanda wa kiunoni. Huo ndio unaohamisha mzigo kutoka mabegani kwenda nyongani. Begi la shule ambalo mtoto tayari analo linatosha. Mtoto abebe kati ya sehemu moja ya kumi na asilimia 15 ya uzito wake, si zaidi: wa kilo 30 abebe kilo tatu hadi nne na nusu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna anayeufahamu usemi huo kama mtoto wa miaka kumi aliyebebeshwa sufuria la familia.

Hema ni swali la kukodi au kununua. Ukikodi kwa elfu 20 kwa usiku, na jipya la watu watano linauzwa laki mbili, unahitaji kulala humo usiku kumi kabla ununuzi haujalipa. Familia inayotoka mara moja kwa mwaka kwa usiku mbili itangoja miaka mitano, na hema litakuwa limeliwa na panya stoo. Kodi. Au nunueni familia mbili kwa pamoja. Au, kwa Ukerewe, fanyeni kama ninavyopendelea mimi: usiku mmoja gesti, usiku mmoja hema la kukodi. Vyovyote iwavyo, hema liwe na wavu usiotoboka, na gesti iwe na chandarua. Kanda ya Ziwa ni eneo la malaria na mbu wa ufukweni hajui kwamba mko likizo. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni una baridi, kwa hiyo sweta kwa kila mtu na blanketi jepesi. Begi la kulalia la kununua si lazima.

Jiko pia linastahili mahesabu. Mtungi wa gesi wa kilo sita, ukiwa umejaa, unakaribia kilo 13 au 14 kwa sababu ya chuma chake. Mtu mmoja atakuwa amebeba gesi tu. Jiko dogo la mkaa ni jepesi zaidi, ila mkaa unachafua na kwenye msitu ni hatari. Ukerewe suluhisho ni rahisi: mchana kula kwa mama lishe, jioni pika mara moja tu. Sahani ya ugali na samaki kijijini haiwezi kukushinda, na umepunguza kilo kadhaa mgongoni.

Na chakula cha kubeba! Hapa Usukumani tuna hazina ambayo duka la vifaa vya safari haliwezi kukuuzia. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Ni vikavu, ni vyepesi, haviozi kwa joto, haviyeyuki kama chokoleti. Matobolwa mtoto anayatafuna akiwa anatembea. Michembe unaichemsha jioni na karanga za kusaga ndani yake, mnashiba hadi asubuhi. Bibi zetu walivihifadhi kwa ajili ya miezi ya njaa, lakini kinachomfaa mkulima anayesubiri mvua kinamfaa vilevile mtembezi aliye mbali na duka. Ongeza dagaa wakavu kutoka Mwaloni Kirumba, chagua wale walioanikwa kwenye chanja badala ya mchangani, uwakaange nyumbani na chumvi na ndimu hadi wawe wakavu kabisa. Kilo moja ya dagaa wa aina hiyo ni kitoweo cha watu watano kwa safari nzima. Linganisha na boksi la biskuti za kigeni na tambi za paketi: bei juu, shibe hakuna, na takataka zake mnarudi nazo begini. Kwa chakula chote cha siku tatu, pamoja na milo ya mama lishe, elfu 70 inatosha Ukerewe.

Maji ndiyo mzigo mzito kuliko yote. Watu watano, lita tatu kila mmoja kwa siku, ni lita 15, yaani kilo 15. Ukinunua chupa za lita moja na nusu kwa elfu moja, ni elfu 10 kwa siku na chupa kumi za kubeba. Vidonge vya kusafishia maji kutoka duka la dawa vinagharimu sehemu ndogo tu ya hiyo, na maji mnayachota kijijini kadiri mnavyokwenda. Hapa pana tahadhari moja ambayo haina bei: kichocho. Ziwa Victoria lina konokono wanaobeba minyoo yake, na minyoo huingia kupitia ngozi, hasa kwenye maji yaliyotulia penye majani na matete. Ufukwe wa Rubya utawavuta watoto kama sumaku. Wacheze mchangani. Wakiingia majini, wapelekeni zahanati baada ya wiki kadhaa wapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Rubondo hakuna mjadala: kuna mamba.

Sasa jumla. Ukerewe kwa siku tatu: meli elfu 70, chakula elfu 70, vyumba viwili vya gesti kwa usiku mmoja elfu 50, hema la kukodi, likihesabiwa kwa siku zote tatu za safari na si usiku mmoja tu, elfu 60, bodaboda za kurudi kutoka Rubya elfu 30, maji na dawa elfu 15. Laki mbili na elfu 95, na hapo sijaweka ada ya kibali. Ukiwa na hema la kuazima, laki mbili na nusu inabaki na chenji. Rubondo kwa muda huohuo, familia moja peke yake: basi laki moja na ushee, boti laki tatu, kiingilio elfu 38, kulala, askari, chakula cha kubeba chote, usiondoke nyumbani bila laki saba. Mkiwa familia tatu, kila moja inashuka hadi kama laki tano. Saanane: chini ya elfu 60 ukijumlisha boti na chakula cha kufunga.

Kwa familia ambayo haijawahi kulala nje, uamuzi wangu ni Ukerewe, mwezi wa Juni, mkianza na Jumamosi moja ya majaribio Saanane. Rubondo iwekeni mwakani, na tafuteni familia mbili za kwenda nazo kuanzia sasa. Ada za hifadhi huweza kubadilika mwaka mpya wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo anayesafiri baada ya tarehe hiyo aombe bei mpya kabla ya kulipa chochote.